Mama, umechukua chai?

SWALI: Wifi yangu amekuja kukaa nasi hapa Kisauni, katoka Nairobi. Asubuhi moja alimwuliza mama, "Mama, umechukua chai?" Mama akamjibu, "Niipeleke wapi?" Sisi tulicheka, wifi akanuna, eti hata redioni watu husema hivyo. Nani ana haki? Na je, "kuchukua muda" nako ni kosa?

JIBU: Haki ni ya mama. Nyuma ya sentensi ya wifi limejificha neno la Kiingereza, "take". Mwingereza hulitumia kwa chai, dawa, picha, basi, mtihani, kiapo, hata kuoga. Sisi kila jambo lina kitenzi chake. Chai hunywewa, picha hupigwa, matatu hupandwa, mtihani hufanywa. Kidonge humezwa, ingawa wengi wetu husema tumekunywa dawa hata kama ni vidonge vitupu. Anayekuelekeza mjini atakwambia "shika kulia ukifika Mwembe Tayari". Kiapo huliwa. Rushwa nayo huliwa, pengine kwa mdomo ule ule.

"Chukua", au "tukua" kwa wazee wa Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, asili yake ni kubeba. Ndiyo maana tuna mchukuzi na uchukuzi, na mama alipoulizwa akafikiria safari. Lakini neno lenyewe si maskini hata kidogo. Jahazi huchukua magunia, yaani huyamudu. Mwanamke huchukua mimba, na mtoto akizaliwa huenda akachukua sura ya babake. Kanzu ikikukaa vyema, wazee watasema imekuchukua. Mke na mume wanaovumiliana tabia huambiwa wanachukuliana, na hili mimi nalipenda kuliko yote. Hakuna hata moja hapo tuliloazima kwa Mwingereza.

Kwa kutia kitu mkononi tunalo "twaa". Mombasa bado utaambiwa dukani "twaa chenji yako". Kwingine neno hili limebaki zaidi kwa watangazaji wa mpira, timu inapotwaa kombe.

Sasa "kuchukua muda". Naona asili yake ni Kiingereza, ila limeshakuwa mwenyeji. Ukisema foleni ya feri ya Likoni ilichukua saa nzima, hakuna atakayekukodolea macho. Mwenyewe husema "tulikaa foleni saa nzima", kwa kuwa waliokaa juani ni watu. "Kuchukua hatua" nako kumeenea katika taarifa za habari na hotuba za wakubwa, na kuung'oa msemo huo leo ni kazi bure. Kwa hivyo mwanafunzi akiniandikia "safari ilichukua muda" simkati alama. Akiandika "nilichukua picha", ilhali hakuiondoa ukutani, hapo namkata.