Jina la kitaalamu la kunguni

Dada, umeuliza kunguni anaitwaje kisayansi. Yapo majina mawili. Anayetajwa zaidi vitabuni ni *Cimex lectularius*, jina alilopewa na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758. *Cimex* ni Kilatini cha mdudu huyohuyo na neno la pili limetokana na kitanda. Ila huku kwetu kwenye joto kuna ndugu yake, *Cimex hemipterus*, kunguni wa nchi za tropiki. Kwa macho tu hutawatofautisha, na wote wanauma vilevile, usiku wa manane ukiwa umezama usingizini.

Sasa hiyo sofa ya mtumba uliyoinunua Manzese ndiyo ninayoitilia shaka, siyo uchafu wako. Kunguni hachagui, hata Masaki kwa matajiri wapo, ila wenye nyumba wanakaa kimya tu.

Kupuliza dawa mara moja hakutoshi, maana mayai yamegandishwa kwenye nyufa na mengi yanapona, kisha yanaanguliwa baada ya wiki moja au mbili. Kwa hiyo rudia. Chaga zing'oe zote, umwagie maji yanayochemka kwenye maungio, na mashuka na neti viloweke kwenye maji ya moto. Kuanika godoro juani kunasaidia kidogo. Wengi hujificha kwenye mishono wakangoja jioni. Na usihamie kulala sebuleni, watakufuata. Mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula.

Mafuta ya taa achana nayo, shoga yangu, utaunguza nyumba ya watu.