Nishani ya siri au beji inayolinda faragha?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri kanuni za mradi mmoja wa kimataifa unaotoa beji za kidijitali kwenye blokcheni, yaani daftari la kidijitali la pamoja ambalo yeyote anaweza kulisoma. Mtu anathibitisha kwamba ana sifa fulani, anapata beji, na hakuna anayejua akaunti yake ya awali ni ipi. Wanachama ndio wanaopiga kura beji zipi zitolewe. Nimeandika: “Uongozi wa jumuiya utarahisisha na kutunza nishani za siri.” Wenzangu wanasema haieleweki. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Sarufi yako haina kasoro. Shida ni kwamba karibu kila neno hapo lina maana nyingine, na msomaji ataishika hiyo kwanza.

Tuanze na nishani. Neno hili lilitoka Kiajemi, na kwetu limezoea ikulu: Rais humtunuku mtu nishani, naye huinamisha kichwa kuipokea. Lazima awepo mkubwa anayetoa. Beji unazozieleza hazina mkubwa. Mwenye sifa anaithibitisha mwenyewe na kuichukua. Kwa hiyo baki na beji, neno ambalo skauti na wahudhuria semina wanalijua tangu zamani. Mradi wa Sismo ulitoa beji za aina hii kwenye blokcheni iitwayo Polygon, na mtu hakuweza kuihamisha beji yake wala kuiuza. Hilo linaikaribia beji ya skauti kuliko nishani ya dola.

Siri ndiyo iliyoniumiza zaidi, maana hapo umebadilisha jambo lenyewe. Nishani ya siri ni ile ambayo watu hawajui kama ipo. Beji yako iko hadharani, yeyote aweza kuiona kwenye blokcheni. Kilichofichika ni uhusiano kati ya beji hiyo na akaunti ya zamani, ile yenye historia yote ya miamala ya mtu. Msingi wake ni hesabu iliyoelezwa mwaka 1985 na wanasayansi wa kompyuta Goldwasser, Micali na Rackoff: unathibitisha kwamba jambo ni kweli bila kufichua kitu kingine chochote. Mimi huiita uthibitisho bila kufichua. Hali anayobaki nayo mtu baada ya hapo ni faragha, neno ambalo Katiba ya Tanzania ya 1977 inalitumia katika ibara ya 16. Siri ni jambo unalolificha. Faragha ni nafasi yako ambayo mwingine haingii bila ruhusa. Naomba sana usizichanganye, kwa sababu mtu anayedai faragha hujikuta akiulizwa, “Kwani unaficha nini?”

Kurahisisha nako kuna mtego. Rahisi ni kisicho kigumu, lakini pia ni kisicho ghali, na “beji rahisi” sokoni ni beji ya bei poa. Sema kusahilisha, tena useme kinachosahilishwa ni nini: upatikanaji wake.

Kutunza ni kulea na kuhifadhi, na kwenye taarabu kumtunza mwimbaji ni kumpa fedha. Wanachama wako hawafanyi hayo. Wanapitia mapendekezo, wanaamua lipi lina maana, lipi linarudia jingine, lipi likae kundi gani. Hapo nakupa neno la Pemba: kuchambua. Msimu wa karafuu, jioni, watu huketi kuzunguka lundo bichi. Mtu anashika kishada, anakibonyeza kwenye kiganja, karafuu zinaangukia upande huu na makonyo, yaani vikonyo vyake, upande ule. Wala makonyo hayatupwi, yanapelekwa kiwandani kutolewa mafuta. Ndiyo sababu nalipenda neno hili kuliko kuchagua: anayechagua anaacha vingine, anayechambua anakipa kila kimoja mahali pake. Kwa kuwa wanafunzi wa fasihi nao huchambua riwaya, ongeza “kupanga” pembeni ili maana isipotee.

Uongozi wa jumuiya, kwa masikio yetu, ni mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kama wanaoamua ni wanachama wote, waweke wao mwanzoni mwa sentensi na utaje kura. Ningeandika hivi:

“Wanajumuiya wenyewe, kwa kura, watasahilisha upatikanaji wa beji zinazolinda faragha, na watazichambua na kuzipanga.”

Ni ndefu kuliko yako, najua. Na kwa kuwa utaliandika mara nyingi: beji iko katika ngeli ya I-ZI. Beji hii imetolewa, beji hizi zimetolewa. “Mabeji” yaache.