Chapo si chapaa, madondo si ndondo

SWALI: Naandika manukuu ya video za vichekesho za Nairobi, na watazamaji wangu wengi wako Dar es Salaam. Mhusika mmoja aliagiza "chapo madondo", nami nikaandika kwamba anataka pesa ya kwenda kutazama ndondo. Nimechekwa sana. Nitajuaje lipi ni chakula na lipi ni la mtaani?

JIBU: Pole, ndugu yangu. Chapo ni chapati iliyokatwa mkia kwa mtindo wa Sheng, na madondo ni maharagwe. Kwa Dar andika tu "chapati maharage". Chapaa ni pesa, huku na huko. Ndondo ni mechi za mpira wa mitaani, na ukiitia "i" mwishoni umeshaingia kwenye ngumi.

Jaribu kuhesabu. Mtu huagiza chapo mbili, lakini hakuna anayedai chapaa mbili. Pili, sikiliza upatanisho: madondo yameiva, ndondo zimeanza. Hapo ndipo utakapoitofautisha supu ya kunywa na supuu, yaani msichana mrembo. Wengi huandika "supu" kwa yote mawili, kwa hiyo usitegemee tahajia. Ukisikia "supu hii", ni bakuli. Ukisikia "supu huyu", ni mtu.

Mimi hunihangaisha zaidi yale yasiyobadilika hata herufi, kwa sababu ngeli haisaidii kitu. Nairobi, mtu "aliyewekewa mchele" baa ametiliwa dawa kwenye kinywaji ili aibiwe. Ukiuacha mchele ulivyo, mtazamaji wa Dar atashangaa pilau imeingiaje kwenye glasi ya bia. Andika "ametiliwa dawa". Unga nao una mtego wake. Mkenya anayelalamikia bei ya unga analilia ugali wa watoto. Dar, kijana "anayetumia unga" anatumia heroini. Basi mama wa dukani akisema "nauza unga", fafanua: unga wa ugali. Wala usikimbilie "sembe" ukidhani umepona, maana nalo limeshaingia kwenye biashara hiyohiyo ya dawa za kulevya.

Kuna pia vyakula vinavyofanana jina bila mtaa kuhusika, na hivi huponyoka kwa urahisi kwa kuwa havichekeshi. Ndengu za Kenya ni choroko za Tanzania, ilhali dengu za Tanzania ni punje nyingine kabisa, kubwa zaidi, za rangi ya maziwa au kahawia. "Nyama karanga" ya hoteli za Kenya haina karanga hata moja: jina limetokana na kukaranga, yaani kukaanga, na nyama yenyewe hupikwa na vitunguu na nyanya. Andika "nyama rosti". Karanga za kutafuna Wakenya wengi huziita njugu, kwa hiyo mhusika mwenye mzio akisema hali njugu, hajaikataa nyama karanga.