Mwanangu, Anzia Mahali Unaposimama

Mwanangu,

Salamu kwanza, na pole kwa baridi ya Nyandarua. Umeniuliza kwa nini picha mia nne ulizowapiga wavuvi wa trauti mtoni Gura zinafanana na za kila mtu, na kama ununue lenzi nyingine au ujifunze rangi za kompyuta ili upate mtindo wako. Usinunue kitu. Zile ulizonitumia karibu zote umezipiga ukiwa wima, jua mgongoni, mvuvi katikati, na samaki amesukumwa mbele ya lenzi hadi anaonekana mkubwa kuliko mvuvi mwenyewe. Hapo uliposimama ndipo wanaposimama wote, na rangi haitakutoa hapo.

Anza na mshipi wa kuvulia. Anayevua kwa mnyoo hurusha uzito ulio mwisho wa uzi. Nzi wa bandia, chambo cha wavuvi wako, ni manyoya na uzi tu vilivyofungwa kwenye ndoana, hana uzito wa kurushika. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, naye hufuata. Picha isiyoonyesha mshipi hewani ingeweza kuwa ya mtu yeyote mwenye ufito wa kuvulia. Na mshipi huonekana ukipigwa na mwanga kutoka nyuma au ubavuni, huku nyuma yake kuna giza: kivuli cha miti, ukuta wa mwamba. Mbele ya anga jeupe unapotea kabisa. Kwa hiyo tafuta giza kwanza, ndipo umsubiri mvuvi afike mbele yake.

Weka shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, 1/1600 ya sekunde kama unataka kitanzi cha mshipi kisimame hewani. Kitanzi huumbika ufito unaposimama ghafla, si unapokuwa mwendoni. Ukingoja ukione ndipo ubonyeze, kimeshafunguka. Bonyeza mkono unapoanza kuja mbele, na upige mfululizo. Kamera ikikutana na giza jingi hudhani mwanga haujatosha, ikauongeza, na mshipi ukaungua kuwa mstari mweupe usio na umbo. Punguza fidia ya mwanga, ile mizani ya kuiambia kamera ipige angavu au giza zaidi, hadi -1. Povu la maporomoko lililozungukwa na giza nalo linataka hivyo hivyo.

Saa nazo zina neno lao. Hapo karibu na ikweta jua hupanda kama ngazi, takriban nyuzi 15 kila saa. Likichomoza saa kumi na mbili na nusu, kufika saa nne kivuli cha ukingo wa kofia kimeshamfunika mvuvi uso. Hizo saa tatu na nusu ndizo zako, na kwenye bonde ni pungufu, maana jua huchelewa kuvuka ukingo. Mchana piga vidole badala ya sura. Mtazame mvuvi anapofunga nzi: kabla ya kukaza fundo hulilowesha kwa mate, kwa sababu nailoni kavu ikisuguana hupata joto na kudhoofika. Ule uzi unaong'aa mdomoni, na macho yaliyofinywa, vinasema mengi kuliko samaki aliyeinuliwa juu. Ukisogea karibu hivyo usifungue tundu la lenzi sana, hadi f/2.8, sehemu inayoonekana kali itakuwa milimita chache tu. Nenda f/8, tundu dogo zaidi, na ulenge tundu la ndoana.

Filta ya polaraiza, kile kioo cha mbele ya lenzi kinachokata mng'ao wa maji, watu huifunga asubuhi wakaisahau hadi jioni. Lazima uizungushe kila unapogeuka. Hukata mng'ao vizuri zaidi unapotazama maji kwa pembe ya nyuzi 37 hivi kutoka usawa wake. Ukitazama chini wima kabisa haikusaidii. Nayo hula mwanga: shata ya 1/1000 inaweza kushuka hadi 1/250, na hapo mshipi umeshakuwa ukungu. Ivue kwa mshipi, ifunge kwa samaki aliye majini. Na usiumalize mng'ao wote, tafadhali. Maji yasiyong'aa hata kidogo huonekana kama hayapo, na samaki kama anaelea hewani.

Samaki mwenyewe sasa. Trauti wa kahawia, ambaye mayai ya wazee wake yaliletwa Gura kutoka Uskoti mwaka 1905, ana madoa mekundu yenye pete nyeupe ubavuni. Pete hizo hupendeza akiwa amelowa, na hufifia ngozi ikianza kukauka. Abaki ndani ya wavu, wavu ndani ya maji, mpaka wewe uwe umeshapima mwanga na kulenga. Mvuvi aloweshe mikono, kwa kuwa mkono mkavu humvua ute unaomkinga na kuvu. Hesabuni: tatu, mbili, moja, ainuliwe kiganja kimoja juu ya maji, upige mara tatu nne huku matone yakidondoka, arudishwe. Sekunde tano zatosha. Kumi ni nyingi. Ukikosa, umekosa, usiombe ainuliwe tena.

Kaa upande wa mkono usiorusha, la sivyo ndoana itakupata sikioni. Sogea ukitokea chini ya mkondo, umeinama, kwa maana trauti huelekeza kichwa maji yanakotoka. Na kuhusu nyati wa msituni, askari wa wanyamapori akisema ondoka, ondoka.

Mtindo sasa, maana ndilo swali lako. Mtindo ni mambo unayoyakataa mara nyingi mpaka yanakuwa desturi. Kwa miezi mitatu tumia lenzi moja, ile ya milimita 35, mto mmoja, na usipige picha yoyote ya mtu aliyeinua samaki akitabasamu. Lenzi hiyo haivuti vya mbali, kwa hiyo itakulazimisha kuingia majini. Mizani ya rangi, ile inayoiambia kamera nyeupe ni ipi, usiiache ijiamulie: kijani kingi cha msitu huifanya isukume picha kuelekea waridi, na kila picha ikatoka na rangi yake. Iweke 5200K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), siku zote, ukungu au jua. Kila mwisho wa mwezi chapa picha ishirini za sentimita 10 kwa 15, uzitandaze sakafuni, uondoe kila ambayo mwingine angeipiga akiwa pale. Zitabaki nne, pengine mbili. Zitazame hizo: umesimama wapi? Mwanga umetoka upande gani? Mvuvi ni mkubwa au ni mdogo kama kijiti? Linalojirudia bila wewe kulipanga, mwezi unaofuata lipange.

Kamera ikitoka baridini usiifungue ndani ya gari lenye joto. Iache mkobani, zipu imefungwa, kwa saa nzima, isije ikatoa jasho ndani ya lenzi. Ukija nyumbani mwezi wa nane niletee zilizobaki sakafuni. Zilizochapwa, si za simu.

Mamako