Kinyago chako cha sebuleni

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Kumbe jumuiya walipokuja kusali kwako, mama mmoja alikikodolea macho kile kinyago cha shetani nilichokupa siku ya harusi, akauliza Mkristo anafugaje kitu kama kile, nawe ukakifunika khanga. Sasa waniuliza: "Baba, miaka yote hiyo ukichonga mashetani, dhamiri haikukusuta?"

Ilinisuta, lakini si kwa mashetani.

Mtindo ule sisi wachongaji twamtaja Samaki Likankoa, Mmakonde wa Msumbiji, kuwa ndiye aliyeuanzisha miaka ya 1950. Jicho moja, mdomo umechomoza, mkono unaanza kama mkono na kuishia kuwa sikio. Mimi nilipokuwa nachonga nilimkumbuka shetani Nandenga, ambaye bibi yako alitutishia ili tusichelewe mtoni jioni. Hatukumwabudu. Tulimwogopa usiku, mchana tukamcheka, na kumchonga ni namna ya kumcheka.

Halafu watu nao! Kile kinyago cha watu waliobebana kama nguzo, mnachokiita Ujamaa, mchongaji Roberto Yakobo Sangwani alipokichonga mwanzoni kilimwonyesha bingwa wa mieleka amenyanyuliwa na wenzake. Siasa ya Ujamaa ilipokolea baada ya Azimio la Arusha, 1967, mieleka ikasahaulika, kikawa funzo la umoja na zawadi ya wakubwa. Gogo ni lilelile.

Basi nikwambie kilichonisuta. Ulikuwa kidato cha pili, umerudishwa nyumbani kwa ada, na mpingo umepanda bei. Nilichukua mti mweupe, mwepesi, nikachonga mama amembeba mtoto mgongoni. Nikaupaka dawa nyeusi ya viatu na kuusugua kwa brashi mpaka ukang'aa. Mpingo wa kweli ni mweusi kiini chake. Nje una utando wa rangi ya maziwa, na mnunuzi mjuzi hukipindua kinyago autafute huo weupe kwenye kitako, kisha akipime uzito kiganjani. Ukiutia majini, unazama.

Mgeni wangu, mzee wa watu, hakuyajua hayo. Aliuliza, "Mpingo?" Nikaitikia. Lilikuwa joto la Februari, viganja vyake vimelowa jasho, na alipokishika nikaona weusi unamganda vidoleni. Naye akauona. Akadhani mikono yake ndiyo michafu, akaniomba radhi kwa kunichafulia kazi yangu.

Nilipokea pesa. Ada ikalipwa.

Kinyago kile hata padri angekibariki: mama, mtoto, upendo. Hakuna ambaye angekifunika khanga. Na katika vyote nilivyochonga, ndicho pekee ambacho nisingependa kukutana nacho tena kwenye meza ya mtu.

Chako kipindue utazame chini ya kisigino. Niliacha mstari wa weupe makusudi, upana wa kidole. Wageni wakikuudhi kifunike tu, nyumba ni yako, nami sitanuna. Ila kikianza kupauka usikipake dawa ya viatu. Mafuta ya nazi, matone mawili kwenye kitambaa, unakifuta taratibu kuanzia kichwani.

Wasalimie wajukuu.

Baba yako