Mama ametia dole gumba kwenye karatasi ya kuuza shamba

Pole sana, dada. Mama yako huko Tukuyu anasahau, na sasa binamu yako kamfanya atie dole gumba kwenye karatasi ya kuuza shamba la parachichi. Usikate tamaa. Mkataba wa mtu ambaye, wakati anasaini, hakuelewa anachofanya ni batili. Tena kama shamba ni la hati ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji, haliuziki bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Kesho asubuhi peleka pingamizi la maandishi kwa mtendaji wa kijiji, ubaki na nakala yenye mhuri na tarehe.

Halafu mpeleke mama hospitali, daktari aandike hali yake. Bila cheti hicho utahangaika.

Hati ya uwakilishi, yaani ya kukuruhusu kushughulikia mambo yake kwa niaba yake, anaweza kukupa akiwa bado anaelewa. Akili ikishapotea, haimsaidii. Hapo njia ni mahakama kuteua msimamizi wa mali zake chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Waite ndugu zako mapema, tafadhali, wasije wakadhani nawe unanyemelea shamba. Wakili akikushinda bei, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliofunzwa kusaidia mambo ya sheria ingawa si mawakili. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii wilayani.