Mtoto wa Makete kuvimba akiumwa na mbu Kyela

Pole dada. Umeuliza kwa nini tangu mshuke Kyela kutoka Makete mwanao akiumwa na mbu anavimba hadi jicho linafumba, ilhali watoto wa jirani wanaumwa na mbu haohao na asubuhi hawana hata alama. Unaambiwa ana damu tamu. Mimi ni Mkinga, nilishuka Kyela kufundisha mwaka 2009, na hayo yalinipata ukubwani.

Kwetu Makete baridi haimpi mbu nafasi. Kyela ni bondeni, kuna joto, mvua nyingi na majaruba ya mpunga hadi nyuma ya nyumba. Wiki za kwanza mikono yangu ilijaa mabonge, na mengine yalikuwa yanatokea kesho yake, nimeshasahau kuwa niliumwa. Mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa hapohapo, tulilala chumba kimoja na hakuwa na kitu. Nikaamini mbu wananipenda mimi tu. Kumbe naye alikuwa anaumwa kama kawaida.

Anayeuma ni mbu jike, anatafuta damu kwa ajili ya mayai yake. Akichoma anatema mate yanayozuia damu isigande, na mate hayo ndiyo mwili unayapigia kelele. Kinga ya mwili inamwaga kemikali iitwayo histamini, mishipa midogo inatanuka, maji yanavujia kwenye ngozi: ndio uvimbe, ndio mwasho. Mwili usioyajua mate hayo huchelewa kujibu, kisha hujibu kwa nguvu. Ukiumwa miezi na miezi, unazoea. Mimi kwanza nikawa navimba papo hapo na kupoa baada ya saa moja hivi, na mwaka wa pili sikuona tena kitu cha maana. Damu tamu haimo. Mbu anafuata pumzi, joto la mwili na harufu ya jasho.

Kwa sasa muoshe kwa maji na sabuni, mkandamize kwa kitambaa cha maji baridi, na kucha zake zikate fupi kabisa. Kidonda kinachotoa usaha huwa kimeletwa na kucha. Wekundu ukizidi kusambaa, au akivimba midomo na kupumua kwa shida, usisubiri, mkimbize hospitali.

Ila kinachonifanya niandike marefu hivi ni malaria. Mwanzoni kila bonge lilinitia hofu ya malaria, nikawa nalala ndani ya neti bila kukosa. Nilipoacha kuvimba nikajiona mwenyeji, neti nikaikunja. Masika ile nililazwa siku nne, siwezi hata kusimama. Mwili ulikuwa umezoea mate ya mbu, haukuwa umezoea vimelea vya malaria, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Wenyeji waliougua tangu utotoni wana kinga kiasi. Sisi wa juu hatuna, na mtoto ndiye wa kuogopewa zaidi.

Kwa hiyo usipime hatari kwa ukubwa wa uvimbe. Homa ya malaria huja wiki moja, mbili au zaidi baada ya kuumwa, wakati uvimbe umeshaisha zamani. Mtoto akichemka, mpeleke zahanati siku hiyohiyo apimwe, uwe umeona alama ya mbu au hukuona.